USMCA na hofu ya kupoteza mamlaka ya nchi na mishahara: ipi ni hoja, ipi ni uvumi?

Mdadisi_Temeke

Wakuu, habari za jioni. Tuna mdahalo, na upande wetu umepewa kusimamia hoja kwamba mikataba ya biashara ya Amerika Kaskazini, yaani NAFTA (1 Januari 1994) na USMCA iliyoirithi (1 Julai 2020), imekula mamlaka ya nchi na mishahara ya wafanyakazi. Mtandaoni nimekuta kambi mbili. Moja inadai Marekani, Kanada na Meksiko zinaunganishwa kimyakimya ziwe dola moja yenye sarafu iitwayo "amero". Nyingine inacheka tu, inasema huo ni woga wa wasiojua uchumi.

Naomba wanaoijua mikataba yenyewe wanisaidie. Kuna kifungu kinachoweza kufuta sheria ya nchi? Mishahara ilishuka kweli, na ya nani? Na ile kanuni ya dola 16 kwa saa kwenye magari inafanyaje kazi? Kila anayeitaja haelezi hesabu yake.

---

Wakili_Kifungu

Tupa amero kwanza, mkuu, itawaumbua. Jina hilo lilitoka kwenye pendekezo la 1999 la mchumi wa Kanada, Herbert Grubel, na hakuna serikali hata moja kati ya hizo tatu iliyolichukua. Uvumi ulipata miguu kwa sababu ya SPP, Ushirikiano wa Usalama na Ustawi, uliozinduliwa na Rais Bush wa Marekani, Waziri Mkuu Martin wa Kanada na Rais Fox wa Meksiko kule Waco, Texas, 23 Machi 2005. Haukuwa mkataba. Vilikuwa vikundi kazi vya maofisa wanaolinganisha viwango na taratibu za mpakani, na 2009 ukafungwa. Wakati huohuo jimbo la Texas lilikuwa na mpango wake wa barabara, Trans-Texas Corridor, upana wa hadi mita 366. Watu wakavichanganya viwili hivyo, wakapata "barabara kuu ya NAFTA".

Ndani ya uvumi ule kuna punje moja ya kweli, ichukueni: mambo yaliyostahili kujadiliwa bungeni yalijadiliwa na maofisa pamoja na baraza la wakuu wa makampuni, na hakuna bunge lililoyapigia kura.

Sasa swali la kifungu. Marekani haikuipitisha NAFTA kama mkataba wa kimataifa unaohitaji theluthi mbili ya Seneti. Iliipitisha kama sheria ya kawaida, kura 234 kwa 200 katika Baraza la Wawakilishi na 61 kwa 38 katika Seneti. Kwa njia ya theluthi mbili zingehitajika kura 66 kati ya hizo 99, kwa hiyo ingeanguka. Kesi ya kupinga njia hiyo ilifika mahakama ya rufani ya shirikisho, na 2001 majaji wakasema hilo ni suala la kisiasa, si la mahakama. Sheria zote mbili za utekelezaji, ya NAFTA na ya USMCA, zinasema wazi kwamba kifungu cha mkataba kikigongana na sheria ya Marekani, sheria ya Marekani ndiyo inayoshika.

Meksiko ni kinyume. Mahakama yao Kuu mwaka 1999 iliweka mikataba ya kimataifa juu ya sheria za shirikisho, chini ya Katiba peke yake. Karatasi ni ileile, sahihi ni zilezile, lakini upande mmoja mkataba unainama mbele ya sheria na upande wa pili sheria inainama mbele ya mkataba. Mkitaka hoja ya mamlaka, hapo pana nyama.

Msilinganishe na Jumuiya ya Afrika Mashariki bila tahadhari. EAC ina ushuru wa pamoja wa forodha dhidi ya nje, ina Bunge na Mahakama pale Arusha. USMCA haina hata kimoja. Ni eneo huria la biashara tu: kila nchi inabaki na ushuru wake kwa wageni. Ndiyo maana kanuni za uasili wa bidhaa (zinazoamua bidhaa ni ya nchi gani) kule ni nzito mno, maana bila hizo mzigo wa Asia ungeshushwa kwenye nchi yenye ushuru mdogo na kuvushwa bure.

Vifungu vilivyouma kweli ni viwili. Sura ya 11 ya NAFTA ilimruhusu mwekezaji kuishtaki serikali mbele ya wasuluhishi watatu, nje ya mahakama za nchi. Kampuni ya Metalclad ilinyimwa kibali cha jaa la taka za sumu na halmashauri ya Guadalcázar, jimbo la San Luis Potosí. Mwaka 2000 Meksiko ikaamriwa kulipa kama dola milioni 16.7. Ethyl iliidai Kanada dola milioni 251 kwa kuzuia biashara ya MMT, kiungo cha petroli; 1998 Kanada ikaondoa zuio na kulipa karibu dola milioni 13. Msiseme baraza lile "lilifuta sheria". Haliwezi, linatoa hukumu ya fedha tu. Na Kanada ilikuwa pia imeshindwa na jimbo lake la Alberta chini ya makubaliano ya biashara ya ndani kuhusu zuio hilohilo, upande wa pili watawakumbusha. Semeni hivi: halmashauri maskini ikiona bili ya namna hiyo, safari ijayo inatoa kibali.

Kifungu cha pili ni 605, mgawo wa nishati. Kanada ikipunguza uuzaji wa mafuta nje, haikuruhusiwa kushusha sehemu inayokwenda Marekani chini ya uwiano wa miezi 36 iliyotangulia. Yaani hata nyumbani kukiwa na uhaba, jirani lazima apate fungu lake. Meksiko ilikataa kifungu hicho tangu mwanzo na ikaachwa nje. USMCA ilikifuta kabisa.

USMCA pia iliondoa kesi za wawekezaji kati ya Marekani na Kanada, na kati ya Marekani na Meksiko ikazibana: kwa kawaida mwekezaji aanze mahakama za nchi na asubiri hadi miezi 30, isipokuwa wenye mikataba ya serikali katika sekta chache kama mafuta na umeme. Ila ikaleta 32.10. Nchi ikifanya mkataba wa biashara huria na nchi "isiyo ya uchumi wa soko" (someni: China), wenzake wanaweza kuvunja USMCA nayo kwa notisi ya miezi 6. Nchi kupangiwa ni nani wa kufanya naye biashara, hilo NAFTA haikuwa nalo.

---

Hesabu_za_Forodha

Nachukua ya dola 16, maana hata waandishi wa magazeti huikosea. Si kwamba kila mfanyakazi lazima alipwe dola 16.

Gari linavuka bila ushuru likipita milango minne. Asilimia 75 ya thamani itoke ndani ya nchi tatu (NAFTA ilidai 62.5). Vipuri saba vya msingi viwe vya ndani: injini, giaboksi, bodi na chesisi, ekseli, sasipensheni, usukani na betri kubwa za umeme. Asilimia 70 ya chuma na alumini inayonunuliwa na mtengenezaji iwe ya Amerika Kaskazini. Mwisho ndiyo thamani ya kazi: asilimia 40 kwa gari dogo na 45 kwa pikapu, itokane na viwanda ambavyo wastani wa mshahara wa msingi wa wafanyakazi wa uzalishaji wa moja kwa moja ni dola 16 kwa saa au zaidi.

Neno wastani ndilo linalobeba kila kitu. Kiwanda chenye wazee wa dola 30 na vibarua wa dola 13 kinapita.

Hesabu ya thamani ya ndani: chukua gharama halisi ya gari (ondoa matangazo, huduma baada ya mauzo, mrabaha, usafirishaji), toa thamani ya vitu visivyo vya ndani, gawa kwa gharama halisi. Gari la gharama ya 28,000 lenye vitu vya nje vya 6,800 linapata 75.7, limepita. Sasa tuseme ndani ya giaboksi na injini mna beringi na vifaa vya Asia vya dola 1,000. Giaboksi yenyewe ikifikisha 75 inahesabiwa kuwa ya ndani yote, na zile beringi hazionekani tena kwenye hesabu ya gari zima. Marekani ilitaka zihesabiwe upya: vitu vya nje vinakuwa 7,800, uwiano unashuka hadi 72.1, gari limefeli. Meksiko na Kanada zikapeleka shauri kwenye jopo la usuluhishi la mkataba, zikashinda, hukumu ikatangazwa Januari 2023. Marekani haikuitekeleza. Wakili hapo juu afurahi, hiyo ni hoja ya mamlaka kwa upande mwingine kabisa.

Turudi kwenye 40. Pointi 25 zitoke kwenye vipuri na kazi halisi ya kiwandani. Pointi hadi 10 kampuni inapewa kwa mishahara ya utafiti na teknolojia inayolipa Amerika Kaskazini. Nyingine 5 inapewa ikiwa na kiwanda cha injini au giaboksi chenye uwezo wa 100,000 kwa mwaka (au betri 25,000) kinacholipa wastani ule. Kampuni yenye wahandisi Detroit na kiwanda cha injini Ohio imeshapata 15 kabla haijafunga nati moja. Kwa hiyo gari linaunganishwa Meksiko kwa mshahara wa Meksiko, na kwenye gari la dola 28,000 kinachotafutwa ni vipuri vya dola 7,000 hivi kutoka Marekani au Kanada, ambavyo mara nyingi vilikuwa vinanunuliwa huko tangu zamani.

Na dola 16 hiyo haipandi na mfumuko wa bei. Iliandikwa 2018, imegandishwa.

Kanuni hii ilikuwa legevu kwa sababu nyingine pia: ushuru wa kawaida wa Marekani kwa gari dogo ni asilimia 2.5. Gari lenye thamani ya 25,000 forodhani lilikuwa linalipa dola 625, kabla ya ushuru wa nyongeza wa 2025. Kukusanya ushahidi wa mishahara kutoka kwa wauzaji wa vipuri mamia kuliweza kuzidi hapo, na wapo walioona bora walipe. Pikapu ndiyo hawathubutu, ushuru wake ni asilimia 25 tangu 1964.

Mkipenda undani wa karatasi: fomu ya cheti ya NAFTA imekufa. Sasa ni taarifa 9 za lazima, hata kwenye ankara zinakubalika: anayethibitisha ni nani kati ya mwagizaji, muuzaji nje na mtengenezaji, jina na anwani yake, muuzaji nje, mtengenezaji, mwagizaji, maelezo na namba ya HS (ya kuainisha bidhaa forodhani) ya tarakimu 6, kigezo cha uasili, kipindi (hadi miezi 12), sahihi pamoja na tarehe. Kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Wengi wanaangukia kwenye kigezo cha uasili: wanaandika herufi ya kigezo bila kuwa na tamko la muuzaji wa kipuri, mkaguzi akija hawana cha kuonyesha, na ushuru unadaiwa kurudi nyuma.

---

Kibarua_Mstaafu

Kuhusu mishahara, msiende na hoja ya "NAFTA iliua viwanda vya Marekani" mkaishia hapo. Mtaulizwa mbona ajira za viwandani ziliendelea kupanda baada ya 1994 hadi kufika kama milioni 17.6 mwaka 1998. Mporomoko mkubwa ulikuja baada ya 2000, China ikiingia Shirika la Biashara Duniani (WTO) Desemba 2001, hadi kubaki karibu milioni 11.5 mwanzoni mwa 2010. Mkisema yote ni NAFTA mmekwisha.

Wastani wa taifa unaficha. Utafiti wa Hakobyan na McLaren (2016) ulitazama sensa za 1990 na 2000 kwa kila sekta na kila eneo. Wasiomaliza sekondari katika sekta zilizoondolewa kinga haraka, mfano nguo na viatu, mishahara yao ilikua pungufu kwa hadi pointi 17 za asilimia ukilinganisha na sekta zisizoguswa. Na aliyeumia si wa kiwandani peke yake: kiwanda kikifungwa kwenye mji mdogo, wale wa kiwandani wanakwenda kugombea kazi za mgahawa na duka, na mhudumu ambaye hajawahi kushona hata shati naye anashuka. Wenye digrii hawakuguswa.

Kanada walionja mapema, mkataba wao na Marekani ulianza 1 Januari 1989. Daniel Trefler (2004) alikuta sekta zilizopunguziwa ushuru zaidi zikipoteza asilimia 12 ya ajira, huku tija ya wafanyakazi ikipanda 15. Vyote viwili ni kweli kwa pamoja. Mdahalo wenu msifiche cha pili, mtakuwa na nguvu zaidi.

Lakini chombo kilichoshusha mishahara kuliko viwanda vilivyohama ni viwanda vilivyosema vitahama. Kate Bronfenbrenner wa Cornell alichunguza kampeni za kuunda vyama vya wafanyakazi miaka ya 90 na kukuta zaidi ya nusu ya waajiri wakitishia kufunga au kuhamisha kazi. Waliotekeleza kweli walikuwa wachache mno. Huhitaji kupakia mashine kwenye lori, inatosha kubandika ramani ya Meksiko ukutani wiki ya kura.

Na kwa nini mshahara wa Meksiko haukupanda kuwafuata wenzao kama ilivyoahidiwa? Peso iliporomoka Desemba 1994. Kulikuwa na mikataba ya hali bora ya bandia, ambayo mwajiri anaisaini na chama ambacho wafanyakazi hawajawahi kukiona, wakati mwingine kabla kiwanda hakijafunguliwa. Na serikali ilibana kima cha chini kwa makusudi, mwaka 2018 kilikuwa peso 88.36 kwa siku. Baada ya hapo ikabadilika: 2019 ukanda wa mpaka wa kaskazini ulipewa 176.72, na 2025 kima cha nchi kikafika 278.80. Nchi iliyokuwa mwanachama wa mkataba wakati wote huo. Kumbe mamlaka ya kupandisha mshahara yalikuwepo, hayakutumika.

---

Mdadisi_Temeke

Mkuu Kibarua, hapo kwenye mikataba ya bandia. Nimesoma kuna utaratibu wa haraka wa kazi ndani ya USMCA. Unafanyaje kazi, na kweli unaongeza mshahara au ni mapambo?

---

Kibarua_Mstaafu

Si mapambo, ila una mlango mwembamba. Uko kwenye kiambatisho cha 31-A. Yeyote anaweza kupeleka ombi kwa kamati ya Marekani inayoongozwa na ofisi ya mwakilishi wa biashara na wizara ya kazi. Kamati ina siku 30. Ikiona kuna ushahidi wa kutosha, Marekani inaiomba Meksiko ikichunguze kiwanda hicho kimoja, na siku hiyohiyo inaweza kusimamisha ukokotoaji wa mwisho wa ushuru wa mizigo yake. Mizigo inaendelea kupita, lakini mwenye mali hajui atadaiwa nini, na hapo ndipo mhasibu anapoanza kukosa usingizi. Meksiko ina siku 10 za kusema kama itachunguza, siku 45 za kumaliza. Yakikubaliwa kuna kasoro, wanaandika mpango wa marekebisho wenye tarehe. Wasipokubaliana, jopo.

Mfano uliotimia ni kiwanda cha General Motors cha Silao, Guanajuato. Aprili 2021 kura ya kuthibitisha mkataba wa kazi ilivurugwa, kura nyingine zikaharibiwa. Mei Marekani ikaomba uchunguzi. Agosti kura ikarudiwa na wafanyakazi wakaukataa mkataba wa chama cha zamani. Februari 2022 chama kipya, SINTTIA, kikashinda kwa kupata kura zaidi ya 4,000, na Mei kikapata nyongeza ya asilimia 8.5.

Wanaokosea ni wanaoandika ombi wakilalamikia mshahara mdogo. Linatupwa. Utaratibu unalinda haki mbili tu, kujiunga na chama na kujadiliana kwa pamoja. Kiwanda nacho lazima kiwe kinauza au kushindana kwenye biashara ya kuvuka mpaka. Duka la mtaani halihusiki.

Na angalia tanbihi ndogo: kiwanda cha Marekani hakiwezi kuchunguzwa mpaka kwanza kuwe na amri ya bodi ya kazi ya Marekani yenyewe dhidi yake. Wa Meksiko hahitaji hivyo. Wakili, hiyo yako.

---

Jicho_la_Tatu

Nawapinga kidogo. Mnavyoeleza ni kama vile kifungu ndicho kinachotawala. Tazameni nchi kubwa inavyofanya ikishindwa.

Malori ya Meksiko yalipaswa kuruhusiwa Marekani yote kufikia 2000. Marekani ikakataa, jopo likaihukumu 2001, ikaendelea kukataa. Machi 2009 Meksiko ikaweka ushuru wa kulipiza kwa bidhaa za dola bilioni 2.4, ikichagua mazao ya majimbo yenye wabunge wazito. 2011 wakapatana. Huyo ni mkubwa: alipata nafasi ya kukataa kwa muongo mzima, akalipa bei aliyoimudu. Meksiko iliposhindwa kesi ya mahindi ya GMO (yaliyobadilishwa vinasaba) Desemba 2024, iliondoa masharti yake ya uagizaji Februari 2025, ikabaki na zuio la kuyapanda tu, ambalo Machi 2025 ililiingiza kwenye Katiba.

Halafu kuna hili ambalo sijaona mtu akiligusa. Siku ya kusaini, 30 Novemba 2018, Marekani iliwapa wenzake barua za pembeni: ikiweka ushuru wa usalama wa taifa kwenye magari, kila mmoja atasamehewa magari madogo 2,600,000 kwa mwaka. 3 Aprili 2025 ushuru huo ukawekwa, asilimia 25, na kilichofuatwa si barua. Gari linalokidhi USMCA linatozwa kwenye sehemu isiyo ya Marekani tu. Piga hesabu: gari la Meksiko lenye asilimia 40 ya vitu vya Marekani linalipa 25 juu ya 60, yaani 15. Gari la Japani, nchi isiyokuwamo kwenye mkataba, limepewa 15 tangu Septemba 2025. Jasho lote la milango minne ya Hesabu_za_Forodha, na mnafika pamoja mlangoni.

Kwa hiyo mimi ningetetea hivi: nchi ikipeleka zaidi ya asilimia 75 ya mauzo yake kwa mteja mmoja, mamlaka yake yako kwa huyo mteja, mkataba uwepo usiwepo. Kiwanda kinamtishia mfanyakazi kwa kuhama, nchi kubwa inaitishia ndogo kwa kujitoa.

---

Wakili_Kifungu

Sikubali "uwepo usiwepo". Bila mkataba gari lile la Meksiko lingetozwa 25 kwenye thamani yote. Pointi 10 si mchezo kwa kiwanda chenye faida ya asilimia 6.

Ila kuhusu vitisho umenena, na vimeandikwa rasmi. Kifungu cha 34.6: kujitoa ni notisi ya miezi 6. Kifungu cha 34.7: mkataba ni wa miaka 16, na mwaka wa 6, 1 Julai 2026, kila nchi inatakiwa kusema kwa maandishi kama inataka kuongeza. Zikikubali zote tatu, unasogea hadi 2042. Mmoja akigoma, mkataba haufi. Unaingia mapitio ya kila mwaka hadi 2036, na kila mwaka aliyegoma anakuja na orodha yake ya madai. Mdadisi, kwenye mdahalo waulize upande wa pili: mwekezaji wa kiwanda cha giaboksi kinachohitaji miaka 10 kurudisha mtaji anajenga upande gani wa mpaka, ikiwa mkataba unaweza kutiliwa shaka kila Julai?

---

Mdadisi_Temeke

Hapo nimepata. Hesabu_za_Forodha, swali la mwisho: zile pointi 5 za kiwanda cha injini, injini lazima ziwekwe kwenye gari hilohilo linaloombewa msamaha?

---

Hesabu_za_Forodha

Hapana. Inatosha kampuni iwe na kiwanda hicho, au mkataba wa muda mrefu na kiwanda cha namna hiyo. Ndiyo maana nilisema 15 zinapatikana kabla ya nati.